Apewe kila mtu, au atafutwe mwenye shida zaidi? Jibu moja kutoka Kangundo, 1983

UZI. Wiki hii mjadala uliowaka ni ule ule wa kila msimu. Pesa za umma zikiwa kidogo, msaada apewe kila mtu, ama atafutwe mwenye shida zaidi apewe yeye? Mmeusikia kwenye bima ya afya, kwenye basari, kwenye chakula cha njaa. Kuna wanaosema kila Mkenya ana haki sawa, basi. Kuna wanaouliza mbona mtoto wa tajiri naye apewe.

Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Leo nawapeleka nyumbani kwetu Machakos, miaka ya themanini, tukafuate mnyoo.

Ndio, mnyoo. Vumilieni kidogo. Hilo swali mnalorushiana matusi, kuna watu walilipima kwa darubini kule Kangundo kabla wengi wetu hatujazaliwa, na sehemu ya jibu lao imefika mpaka kwenye sera za dunia. Hapa nyumbani sidhani kama watu wengi wanajua.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa hesabu yake haitaingia akilini. Kichocho, ama bilhazia kama wengi tunavyosema, kina aina mbili kubwa Afrika. Cha mkojo ndicho maarufu Pwani, mtoto anakojoa damu. Cha Machakos ni kile cha tumbo. Hicho hakina ishara ya kushtua hivyo. Mtoto anaumwa tumbo, anaharisha kiasi, wakati mwingine kuna damu kwenye choo, anachoka darasani. Mama anasema ni maembe mabichi.

Mnyoo wenyewe hauishi ndani ya utumbo kama ile mingine. Unakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike wamekumbatiana, na unaweza kuishi humo miaka mingi. Jike anataga mayai kila siku, mamia. Mengine yanatoboa njia hadi kwenye choo. Mengine yanapelekwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama huko, na mwili ukipambana nayo ini linaanza kuwa na makovu. Kwa aliyebeba minyoo mingi kwa miaka mingi, ini linakakamaa, bandama inavimba, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka atapike damu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu kila kitu kinategemea jambo hili: huo mnyoo hauzaani ndani ya mtu. Yai lazima litoke, lifike majini, litoe kidudu kinachoingia ndani ya konokono fulani wa maji baridi. Ndani ya konokono vidudu vinaongezeka kwa maelfu, vinatoka mchana jua likiwaka, vinaogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Dakika chache majini zinatosha. Kwa hivyo wingi wa minyoo mwilini unaonyesha ni mara ngapi umeingia kwenye maji yenye hao konokono. Sio kama malaria, ambapo mbu mmoja akikuuma vimelea vinajizalisha vyenyewe damuni.

Ndiyo maana kwenye kichocho swali la "mgonjwa ni nani" halina jibu la ndio au la. Kuna mwenye kidogo na kuna mwenye mzigo. Mkianza kusikia harufu ya ule mjadala wa basari, mko sawa.

Mtu asiyejua Machakos anafikiria ni vumbi tupu. Panda upande wa Kangundo na Matungulu uone: vilima, mateno, kahawa, sukuma wiki kando ya vijito, watu wanachota, wanafua, wanamwagilia, watoto wanaogelea wakitoka shule. Konokono wa kichocho cha tumbo hataki maji ya kasi wala maji yanayokauka kabisa. Anataka kijito cha polepole chenye majani. Kwa maneno mengine, anapenda pale pale mkulima anapopapenda.

Machakos haikuwa inahesabiwa kwa mara ya kwanza. Miaka ya sabini, kituo cha utafiti wa tiba cha Nairobi kilichokuwa chini ya Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam kilikuwa kinafuatilia zaidi ya watu 20,000 katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni, nyumba kwa nyumba. Walitaka kujua nani amezaliwa, nani amekufa, mtoto gani ameshikwa na surua ama kifaduro. Miaka hiyo hiyo Wizara ya Afya na WHO walikuwa wanatafuta umri unaofaa kumchanja mtoto wa Kenya dhidi ya surua, na matokeo yalichapishwa 1977. Ukimchanja mapema sana, kinga aliyotoka nayo kwa mama inaizima chanjo. Ukichelewa, surua inamkuta kwanza. Ile miezi 9 mnayoambiwa kliniki haikudondoka kutoka mbinguni. Hilo ni la uzi mwingine.

Kichocho kilifuata. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kikundi kilichounganisha Wizara ya Afya, KEMRI (iliyoundwa 1979) na watafiti wa Cambridge na London kilianza kazi Iietune, Kangundo. Majina utakayokutana nayo kwenye makala zao ni kama John Ouma, mtaalamu wa Kenya, Anthony Butterworth na Robert Sturrock. Walipima choo cha watoto zaidi ya 100, wakawatibu, halafu wakafanya kitu ambacho mimi nilipokisoma nilicheka: waliweka watu kando ya kijito waandike. Nani ameingia majini, saa ngapi, anafanya nini, amelowa kiasi gani. Konokono nao walikusanywa na kuchunguzwa.

Lakini bila ile kazi ya kukaa mtoni hungejua kitu. Mtoto akikaa mwaka mzima bila kuambukizwa tena, ni kwa sababu ana kinga ama ni kwa sababu haendi mtoni? Walipolinganisha daftari la mtoni na daftari la choo, waliona kuna watoto waliokuwa wanaingia majini sana na bado hawaambukizwi, hasa wale wakubwa. Mwili unajifunza, lakini polepole, kwa miaka. Wadogo ndio wanaoshambuliwa tena haraka. Kwa kupanga bajeti hilo ni jambo kubwa, subirini.

Mjomba wangu alikuwa primari upande huo miaka hiyo. Anakumbuka kubeba choo shuleni kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, na jinsi wavulana walivyokuwa wanagombania nani kikopo chake kimejaa. Anakumbuka pia vidonge vikubwa vichungu. Nilipomwambia kwamba hesabu za wakati ule ziko kwenye majarida ya London alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na kikopo chake kimeandikwa.

Hesabu yenyewe inafanywa hivi, na inafanywa hivyo hadi leo mahali pengi. Unachukua kipande kidogo sana cha choo, miligramu 41.7, unakibana kwenye kioo, unaweka chini ya darubini, unahesabu mayai. Ukizidisha kwa 24 unapata mayai kwa kila gramu. Haihitaji umeme wa maana. Inahitaji mtu aliyefunzwa, mwenye subira, na asiyeona kinyaa. Shida yake ni kwamba inabadilika siku kwa siku. Leo una mayai 72, kesho 144, na minyoo ni ile ile. Mwenye minyoo michache anaweza kuonekana hana kabisa.

Sasa tufike 1983. Dawa mpya, prazikwanteli, ilikuwa imepatikana: unameza mara moja kulingana na uzito, unarudi nyumbani. Kabla ya hapo dawa nyingi za kichocho zilikuwa kali kiasi cha kutisha mgonjwa kuliko mnyoo. Lakini ilikuwa ghali kwa nchi kama yetu, na swali likaja mezani. Vidonge ni vichache. Apewe nani?

Wakagawanya maeneo ya Kangundo. Eneo moja, kila aliyepatikana na mayai alitibiwa, mkubwa kwa mdogo. Eneo la pili, walitibiwa wenye mzigo tu, yaani mayai 100 ama zaidi kwa kila gramu ya choo. Eneo la tatu, walitibiwa watoto wa shule walioambukizwa, huko huko shuleni, watu wazima wakaachwa. Matibabu ya kwanza yalikuwa Oktoba 1983, ya pili Aprili 1985, kisha wakafuatilia kwa miaka. Kulikuwa pia na eneo la kulinganisha. Matokeo yote yalichapishwa 1991.

Kabla sijawaambia, jibuni kimoyomoyo. Ningekuwa nimeulizwa mimi, na nasoma sayansi ya siasa, ningesema eneo la pili. Si ndiyo haki? Mwenye shida zaidi kwanza. Kila ripoti ya kupunguza matumizi inaongea hivyo.

Eneo la pili ndilo lilifanya vibaya kuliko yote matatu. Kutibu kila aliyeambukizwa kulishusha maambukizi sana na kwa muda mrefu. Kutibu watoto wa shule peke yao pia kulishusha mzigo, na matokeo yakakaa kwa miaka mitatu na zaidi. Kutafuta wenye mzigo mkubwa tu kulileta nafuu kidogo.

Kwa nini? Hapa ndipo siasa ilipo, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ili umjue mwenye mayai 100, lazima umpime kila mtu. Kila mtu! Umelipa wafanyakazi, vioo, petroli, siku za kazi, umewaomba wazee choo chao, halafu mwisho unawaambia wengi warudi nyumbani bila kidonge. Gharama ya kumtafuta anayestahili inakula kile ulichookoa kwa kutompa asiyestahili. Na mstari wenyewe unayumba. Aliyeonekana na 96 leo angeonekana na 120 kama angeleta kikopo Alhamisi. Wale wa chini ya mstari ni wengi, na kila mmoja wao bado anamwaga mayai yake kidogo kidogo kwenye kijito. Konokono hajali yai limetoka kwa mwenye mzigo ama la.

Kundi la watoto wa shule ni tofauti. Hulitafuti. Limekaa darasani, lina rejista, lina mwalimu anayelijua kwa majina. Tena ndilo kundi ambalo kwa kawaida lina minyoo mingi zaidi, kwa sababu ya kuogelea na kwa sababu ya ile kinga inayochelewa. Ukilitibu umefikia sehemu kubwa ya mayai bila kugonga mlango hata mmoja.

Kwa hivyo wale wa "kila mtu" na wale wa "mwenye shida zaidi" wote wanaruka njia ya tatu: chagua kundi linaloonekana kwa macho, ambalo shida imejaa humo, ulipe lote, na ukubali kwamba umekosea kwa baadhi. Mimi naegemea huko, kwenye basari pia, na mnaweza kunitukana. Fomu ya kurasa sita ya kuthibitisha umaskini ina gharama, na anayeilipa ni yule maskini anayepoteza siku mbili kwa chifu akitafuta muhuri.

Mtu ataniambia Kangundo ilikuwa moja tu kati ya tafiti nyingi. Kweli. Lakini 2001 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipopitisha azimio la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini, ushahidi wa aina hii ndio uliokuwa nyuma yake. Hapa Kenya mpango wa kitaifa wa kutoa minyoo shuleni ulianza 2009, ukapanuliwa kuanzia 2012, walimu wakigawa dawa. Mahali kichocho kipo, wanaongeza prazikwanteli. Siku hizi hata mizani haihitajiki sana: mtoto anasimamishwa kando ya fimbo iliyopigwa alama, urefu wake unaonyesha ni vidonge vingapi.

Sasa, mipaka ya hilo jibu. Sitaki mtoke hapa mkidhani Kangundo ilimaliza maneno.

Machakos ya wakati huo ilikuwa kubwa. Makueni ilikatwa kutoka kwake 1992. Kule kusini, Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, watafiti hao hao walikuta mnyoo ule ule lakini ugonjwa tofauti: watoto wenye ini na bandama zilizovimba walikuwa wengi kuliko Kangundo. Kazi zilizofuata zilielekeza kidole kwa malaria, kwamba mtoto anayebeba zote mbili anaumia zaidi kuliko jumla yake. Kwa hivyo sera iliyopimwa kwenye kilima kimoja huwezi kuihamisha tu hadi tambarare ya wilaya hiyo hiyo. Wakati mwingine mtu akisema "kaunti fulani walifanya na ikawezekana," mkumbuke Kambu.

Halafu lengo limehama. Miaka ya themanini walitaka kupunguza watu wanaoumia. Leo WHO inataka kuukomesha ugonjwa kama tatizo la afya ya umma, na mwongozo wake wa 2022 unasema mahali maambukizi yanafika asilimia 10, mpe dawa kila mwaka kila mtu kuanzia miaka 2, sio wanafunzi tu. Watoto wa chini ya umri wa shule walikuwa wamesahaulika kwa miaka. Dawa yao maalum, iliyojaribiwa pia hapa Kenya, ilipata idhini ya wataalamu wa dawa wa Ulaya Desemba 2023. Ukibadilisha lengo, jibu la "apewe nani" linabadilika pia. Kwenye mijadala yetu watu wanabishana juu ya jibu na hakuna aliyeuliza lengo.

Na kuna tundu kwenye neno "shule". Binamu yangu ana miaka 19. Alimaliza, akakosa karo ya chuo, akawa anaosha boda boda mtoni, magoti ndani ya maji kutwa. Mwaka jana tumbo likamsumbua. Kliniki moja ikamwambia ni taifodi. Akameza dawa. Likarudi. Taifodi tena. Mara ya tatu taifodi, na kila mara analipa. Hakuna aliyemwambia alete choo. Mwishowe tukampeleka kwingine, mwanamaabara akatazama chini ya darubini dakika kumi, akatuita tuangalie: yai lenye mwiba ubavuni, hiyo ndiyo alama ya kichocho cha tumbo. Dawa ilikuwa kidonge cha siku moja. Kama angekuwa darasa la sita mahali mpango unafika, huenda mwalimu angempa bure.

Yeye hayuko kwenye kundi lolote linaloonekana. Sio mwanafunzi, sio mjamzito, sio mzee. Nani wa kumpa?

Fungua Katiba ya 2010, Ibara ya 43: haki ya afya, haki ya maji safi. Nzuri. Sasa fungua Jedwali la Nne uone nani anafanya nini. Zahanati na afya ya msingi ni kaunti. Shule za msingi ni serikali ya kitaifa. Maji na usafi mitaani ni kaunti, lakini mabwawa makubwa mara nyingi ni miradi ya kitaifa. Dawa ya kichocho kwa sehemu kubwa inatoka kwa wafadhili na kampuni inayoitoa bure kupitia WHO. Binamu yangu amesimama mtoni katikati ya hao wote. Mkisikia mdahalo wa nani amelala kazini, kwanza ulizeni ni kazi ya nani.

Maji nayo. Kila kampeni Ukambani ni maji, na sitawahi kumlaumu mtu kwa kuahidi maji, susu yangu ametembea vya kutosha. Lakini kuna maji na maji. Bwawa la wazi ambalo watu na ng'ombe wanaingia moja kwa moja, bila choo karibu, ni nyumba mpya ya konokono. Bwawa la mchanga, yale tunayoyajua vizuri kwetu, linaficha maji ndani ya mchanga, na konokono hawezi kuishi humo. Kumwaga sumu ya konokono pia inawezekana, ila inaua samaki pamoja nao. Kwa hivyo mkipewa mchoro wa mradi, ulizeni watu watachota wapi, watafulia wapi, na choo kiko wapi. Maswali matatu, hayahitaji digrii.

Mmoja wenu ameshaniandikia ndani kwamba hizi ni mada za daktari, nirudi kwenye siasa. Bajeti ya kaunti inasomwa lini kwenu? Tafuteni mstari wa kupima choo, yaani vioo, darubini, mshahara wa mwanamaabara. Mkiupata, nipigieni picha niuone.

Wiki ijayo ni madeni ya kaunti yanayorithiwa. Maswali leteni hapa chini. Mkitaja jina la mwanasiasa nafuta.